Damu za Jumanne

Chuoni kwetu, ukichukua biokemia, mwaka wa tatu huingii darasani. Miaka miwili ya mwanzo unakaririshwa vimeng'enya mpaka unaviota, halafu unatumwa kazini miezi kumi ukaone yale uliyoyakariri yakitendeka kwa watu wenye majina na maradhi yao. Usipopata alama za mwaka huo wa kazini, mwaka wa nne unausikia kwa wenzako.

Mimi nilipangiwa maabara ya hospitali kubwa ya serikali. Nilifika siku ya kwanza na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, na daftari jipya. Hakuna aliyeniuliza jina. Mpaka saa nne asubuhi nilishabatizwa: Wa Chuo.

"Wa Chuo, osha hizi."

"Wa Chuo, bandika lebo."

"Wa Chuo, kimbia wodi ya wanaume, wamesahau kujaza fomu."

Miezi minne niliosha vioo mpaka vidole vikawa na mikunjo kama vya bibi. Sikulalamika. Baba yangu ni fundi bomba, na aliniambia yeye mwenyewe alishika tochi ya fundi wake mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kushika spana. Nikajiambia, haya, na mimi nashika tochi.

Mkuu wa maabara tulimwita Bwana Saini, kisirisiri lakini. Hakuna karatasi iliyotoka mle bila saini yake, kubwa, yenye mkia uliozunguka chini ya jina kama nyoka aliyeshiba. Sikuwahi kumwona akisoma alichokitia saini. Mtu mwingine wa kumjua ni Mama Sindano, mtoa damu wa chumba cha mbele. Alikuwa na miaka ishirini kwenye kazi ile. Watoto wakimwona walianza kulia, lakini watu wazima walikubali kungoja foleni ndefu ili watobolewe na yeye, maana mkono wake ulikuwa mwepesi.

Mwezi wa tano, siku ya Jumatano, alikuja dirishani mama mmoja wa makamo. Shingoni alikuwa na utepe wa kupimia nguo ambao bila shaka alisahau kuuvua, na miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vimekanyagwa visigino. Alihema kwanza kabla ya kusema.

"Mwanangu, hapa ndipo mnapopima damu?"

"Ndipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nisaidie hesabu. Mimi nina damu ngapi mwilini?"

Sikumwelewa. Akatandaza karatasi tano juu ya kizingiti cha dirisha, moja baada ya nyingine, kama fundi anayepanga vipande vya shati. Alikuwa fundi cherehani kweli. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kwenye zahanati ya kwao, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, daktari alimpa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Vikamfaa. Halafu wakampima damu, ikaletwa kwetu, jibu likarudi: potasiamu iko juu mno, inaweza kuusimamisha moyo. Vidonge vikaondolewa. Akavimba. Akapelekwa hapa hospitali kubwa, akatolewa damu nyingine hapahapa: potasiamu iko sawa kabisa. Akarudishiwa vidonge. Akarudi kwao, akapimwa tena: iko juu. Vikaondolewa tena. Mara mbili nzima alizungushwa hivyo, na sasa alikuwa ameanza mzunguko wa tatu.

"Nikiwa kwetu nakufa, nikiwa hapa mzima," alisema. "Nina wateja wananingoja, nguo zao nimezikata sijaziunga. Niambie basi nihamie hapa dirishani kwenu?"

Nyuma yangu mtu mmoja alicheka. Mimi sikuweza. Nilinakili tarehe zote tano kwenye daftari langu, nikamwahidi kwamba nitaangalia. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyeahidiwa mengi, akakusanya karatasi zake akaenda.

Majibu ya juu, yote matatu, yalitoka siku za Jumanne.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Zahanati ile ilikuwa inatoa damu Jumatatu, inailaza kwenye friji, na Jumanne asubuhi gari linaileta kwetu ndani ya boksi la barafu. Na somo la kwanza kabisa la muhula wa kwanza lilikuwa hili: chembe ya damu imejaa potasiamu ndani, na nje ipo kidogo tu. Kwenye ngozi ya chembe kuna pampu ndogondogo zinazorudisha ndani kila kinachovuja. Pampu hizo ni vimeng'enya, na kimeng'enya kikipigwa baridi kinalala. Ukiilaza damu nzima kwenye friji usiku kucha, pampu zinalala nayo, na potasiamu inavuja nje taratibu. Asubuhi unapima kilichovuja, unamwambia mama wa watu moyo wake uko hatarini.

Kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu chembe zikipasuka, maji ya damu huwa mekundu, na mtu yeyote wa maabara anaitupa damu hiyo. Baridi haipasui kitu. Maji yanabaki ya manjano safi, ya kupendeza, na yanasema uongo.

Nilingoja mchana, Bwana Saini alipokuwa peke yake, nikabisha hodi. Nilieleza kwa heshima zote, nikimwonyesha tarehe.

Alinitazama kama nzi aliyetua kwenye chai yake. "Mashine ile imekaguliwa mwezi uliopita."

"Sisemi mashine ina kosa, mkuu. Nasema damu inalazwa kwenye baridi kabla ya—"

"Wewe umekuja hapa kujifunza au kufundisha?"

"Kujifunza."

"Basi jifunze kufunga mlango ukitoka."

Nilifunga. Mpaka leo najilaumu kwamba niliufunga taratibu.

Kesho yake asubuhi Mama Sindano alinikuta kwenye sinki nikisugua chupa moja kwa dakika kumi. Nikamwambia yote, na kwamba nataka kulijaribu jambo lile kwa damu yangu mwenyewe. Hakuwa amesoma biokemia, lakini alisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta kiti. "Kunja mkono wa koti," alisema. "Unataka chupa ngapi?"

Alinitoa damu chupa nne. Moja niliipima papo hapo. Ya pili niliiacha mezani hadi alasiri. Ya tatu niliiweka kwenye barafu hadi alasiri. Ya nne nikailaza kwenye friji mpaka kesho yake. Ya kwanza ilisoma nne nukta moja, sawa na mtu mzima yeyote. Ya mezani ilikuwa palepale. Ya barafu ilifika tano nukta sita. Ya friji ilisoma saba nukta mbili. Mtu mwenye saba nukta mbili anakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshiba, najisomea jibu langu mwenyewe.

Nilichora mchoro kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, nikaandika chini yake: mtu mzima mwenye afya, mwanamke, miaka 22. Kisha nikafungua kumbukumbu za kompyuta nikachambua damu zote za Jumanne kutoka zahanati ile. Tatizo lilikuwa na miezi minane. Kabla ya hapo damu ililetwa siku ileile, haikulazwa. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamepewa majibu ya juu. Na barua iliyoagiza damu ilazwe kwenye friji, ili gari lisisafiri kila siku, ilikuwa kwenye faili ukutani. Chini yake kulikuwa na mkia wa nyoka aliyeshiba.

Nilirudi kwa Bwana Saini na mchoro, na orodha ya watu arobaini na mmoja. Safari hii alisoma. Alisoma muda mrefu. Aliponyanyua uso hakuuliza habari za wagonjwa.

"Nani alikupa ruhusa kutumia vitendanishi vya serikali?"

"Nilitumia vya kupimia watu wanne tu, mkuu."

"Acha hizi karatasi hapa."

Niliziacha. Wiki tatu baadaye likabandikwa tangazo mlangoni: kufuatia uchunguzi uliofanywa na Mkuu wa Maabara, damu zote za zahanati zitenganishwe chembe na maji yake kabla ya kuhifadhiwa kwenye baridi, na zisafirishwe siku hiyohiyo. Wenzangu walipita wakisema mzee kichwa chake bado kinachaji. Nilisimama mbele ya tangazo lile nikahisi masikio yamepata moto. Lakini nitasema kweli, hata hapo nilimeza. Nilijiambia alimradi wagonjwa wamepona, jina si kitu.

Nikamuuliza karani wa mapokezi, "Wale arobaini na mmoja wameshaitwa?"

"Arobaini na mmoja wepi?"

Hakuna aliyewaita. Nilipomuuliza Bwana Saini kwenye korido, alijibu bila kusimama: "Unataka tuzue taharuki? Tumeshatengeneza. Mambo ya nyuma yaache nyuma."

Nilitaka kumwuliza kama miguu ya yule fundi cherehani nayo iko nyuma. Alishaingia ofisini.

Mwezi huohuo mhadhiri wangu alikuja kunikagua. Bwana Saini alikuwa amemjazia fomu ya tathmini: arobaini na nane kwa mia. Ya kufaulu ni hamsini. Kwenye nidhamu aliandika "hafifu", na chini yake, "alitumia vifaa bila idhini". Mhadhiri alinipeleka kwenye ngazi za nyuma tukakaa hapo, na nikamweleza kila kitu. Alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Nakuamini, binti," alisema. "Lakini nisikilize. Kuna tathmini ya pili mwisho wa mwaka. Ukitulia, anaweza kukupa sitini. Sisi tunahitaji nafasi hapa kila mwaka kwa wanafunzi wengine. Dunia ndivyo ilivyo."

"Mwalimu, na wale watu?"

"Wana madaktari wao."

"Madaktari wao ndio wanaosoma majibu yetu!"

Alivaa miwani. Nilimwona amejikasirikia mwenyewe, kwa kuwa alijua nasema kweli. Lakini aliangalia saa.

Nyumbani nilikataa kula. Mama aliniuliza, nikamwambia yote, hadi tangazo la mlangoni. Mama hajui kimeng'enya wala kimengenya, lakini alielewa haraka kuliko mhadhiri.

"Kakuibia," alisema.

"Kaniibia mama, lakini hilo naliweza. Ni wale watu."

Baba alikuwa sakafuni akisafisha nyuzi za bomba kwa brashi. "Mimi nikiharibu bomba la mtu," alisema bila kuinua kichwa, "nikaja kulitengeneza kimya, ni vizuri. Lakini kama kwa miezi minane alikuwa anakunywa maji machafu, siwezi kuondoka na mkoba wangu nikipiga mluzi. Lazima nimwambie, mzee, maji uliyokunywa hayakuwa mazuri, nenda kapimwe. Hata kama atanipiga."

"Watanifelisha, baba."

Aliiweka brashi chini. Ada yangu ilitoka kwenye mikono ile. "Hilo nalo lipo," alisema. "Siwezi kukuamulia."

Kikao cha wataalamu kilikuwa Ijumaa asubuhi, ukumbi mzima, madaktari wa zahanati zote wamekuja. Mganga mkuu wa hospitali, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, alikaa mbele. Bwana Saini, mtoa mada wa siku hiyo, alivaa suti. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kompyuta ili picha zibadilike ukutani. Yaani alinipa mimi, kati ya watu wote, kitufe cha kuonyesha kazi yangu mwenyewe. Sijui kama ilikuwa dharau au alishasahau. Nafikiri alishasahau, na hilo liliniuma zaidi.

Picha ya tano ilikuwa mchoro wangu. Walikuwa wameupiga picha tu, na miraba yake, na mwandiko wangu, hadi doa la chai pembeni. Bwana Saini alieleza vizuri, sauti nzito, mkono mfukoni. Watu wakaandika. Daktari kijana wa ile zahanati ya mbali akanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza. Huyo mwanamke wa miaka ishirini na miwili, ni mgonjwa wetu?"

"Hapana, huyo ni... mtu aliyejitolea."

"Naomba kujua zaidi, maana majibu haya yamenitesa. Alikuwa amekula? Anatumia dawa yoyote?"

Bwana Saini alikohoa. "Maelezo hayo yako kwenye faili."

Kutoka safu ya nyuma ikasikika sauti ninayoijua. "Alikuwa hajala," alisema Mama Sindano. Alishasimama. "Hatumii dawa yoyote. Damu ile niliitoa mimi, mkono wa kushoto, saa mbili asubuhi. Mwenyewe yuko hapo mbele, anawabonyezea kompyuta."

Ukumbi uligeuka mzima mzima. Mtu akacheka kidogo. Bwana Saini alitabasamu kwa meno. "Naam, ni kazi ya pamoja. Vijana wetu tunawashirikisha."

Mganga mkuu alinitazama. "Ni kweli? Damu ni yako?"

"Ndiyo."

"Na mchoro?"

"Na mchoro."

"Una la kusema?"

Nilikuwa na mengi. Usiku kadhaa nilikuwa nimeyapanga kitandani, yote kuhusu tangazo, na fomu, na arobaini na nane kwa mia. Nilipofungua mdomo yakakimbia yote, likabaki moja.

"Kuna watu arobaini na mmoja," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Waliambiwa potasiamu yao iko juu na haikuwa juu. Wengine waliondolewa dawa za moyo kwa sababu yetu. Orodha niliikabidhi miezi miwili iliyopita. Hakuna hata mmoja aliyepigiwa simu. Tumebandika tangazo mlangoni kwetu, wao hawapiti mlango huo! Nani atawaambia? Mnasema tusizue taharuki. Wao wamevimba miguu, wanahema, wanadhani damu yao ni mbovu, na sisi tuko hapa tunapigiana makofi kwa mchoro?"

Nilikuwa nalia kwa hasira, jambo ninalolichukia, kwa sababu watu hudhani ni huzuni. Daktari kijana wa zahanati alikuwa ameshika kalamu hewani. "Orodha gani?" alisema. "Mimi sikuletewa orodha."

Mganga mkuu alimgeukia Bwana Saini. "Orodha iko wapi?"

"Ipo ofisini. Ilikuwa inafanyiwa uhakiki."

"Kailete."

"Sasa hivi?"

"Tunakungoja."

Akaenda. Ukumbi mzima ulisikiliza viatu vyake kwenye korido, kwenda na kurudi. Karatasi ilikuwa ileile niliyomwachia, haijakunjwa hata pembe.

Msifikiri alifukuzwa. Aliandikiwa barua, akahamishiwa idara ya ununuzi, na huko nako bila shaka anatia saini. Tangazo la mlangoni lilibaki na cheo chake mpaka lilipochakaa. Kamati ya chuo ilikaa juu ya tathmini yangu, mhadhiri wangu akazungumza upande wangu, safari hii bila kuangalia saa, na nikapewa sitini na moja. Kipengele cha nidhamu hawakukigusa. Kimo mpaka leo kwenye rekodi zangu: hafifu. Nilipinga kwa maandishi mara mbili. Nikajibiwa kwamba utaratibu hauruhusu.

Mganga mkuu alitupatia mimi na Mama Sindano chumba kimoja, simu ya mezani, na wiki moja. Namba nyingine hazikupatikana. Watu wawili walikuwa wamekwishafariki. Labda ni dawa zile, labda ni mambo mengine, hakuna atakayejua tena, na ndugu zao tuliwaambia kila tulichokijua, kwa sababu Mama Sindano alisema hatutapunguza hata neno. Fundi cherehani tulimpata mara moja. Akasema, "Kwa hiyo damu yangu ni moja." Alirudishiwa vidonge wiki ileile. Hakunishukuru, na sikuona kwa nini anishukuru.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mzee mmoja, mlinzi wa shule. Nilipomweleza, alilipuka. Alisema aliacha kazi kwa ajili ya jibu lile. Alisema aligawa vitu vyake, kondoo kwa mwanawe, redio kwa jirani, akijua anakufa, na sasa jirani haitaki kuirudisha redio. Alituita wauaji, wajinga, watoto wasiolelewa. Mama Sindano alininyooshea mkono aipokee simu yeye. Nikakataa kwa kichwa. Niliishika hadi alipoishiwa pumzi, kisha nikamsomea tarehe ya kuja kupimwa upya.

"Rudia," alisema, bado akihema. "Ngoja kwanza nitafute kalamu."